Suti Iliyofika Harusini

Tangu astaafu, Mama Kui wa Kileleshwa hakutupa chochote. Nguo kuukuu alizikata vipande akavisuka mazulia, na hakuna kilichompa raha kuliko kazi hiyo. Asubuhi ya harusi ya mpwa wao huko Kitisuru, mumewe alipekua kabati lote.

"Mama Kui, suti yangu ya kijivu iko wapi?"

"Umeikanyaga, Baba Kui. Hebu toka hapo tuikunje, ndiyo zawadi ya maharusi."

Mzee akaenda na sweta, amenuna. Lakini zulia lilipokunjuliwa mbele ya wageni, wote walilisifu, wakauliza kitambaa kizuri hivyo kilitoka wapi. Baba Kui akasimama taratibu.

"Ni changu," akasema. "Mimi huwa sipendi kutupa vitu."