Mlango wa Choo cha Bichi

Kabla sijasema nilichokosa, niacheni nijisifu kidogo, maana baadaye sitapata nafasi. Miaka ile ya themanini, samaki wakubwa wa mbuta walipojaa ziwani na kila mwenye boti akataka injini, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kutafutwa kwenye bichi yetu ya wavuvi, nje kidogo ya Kisumu. Ufa nikiuziba mimi kwa pamba na lami, hata maji yanaona haya kupita. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mwenyewe, tena kwa sauti, na hakuna aliyenibishia.

Mwenye boti ninayotaka kuieleza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole ambaye shati lake lilipigwa pasi hata Jumamosi. Boti aliachiwa na mama yake. Ilikuwa ya zamani, ya makasia na tanga, na sakafu yake ya mbele, pale mvuvi anaposimama kuvuta nyavu, ilikuwa imeoza hadi ukiibonyeza kidole kinaingia kama kwenye mkate uliomwagikiwa chai. Ubao wa nyuma, ule mpana unaofunga boti na ambao ndio hubeba injini, ulikuwa mzima. Mvule wa kweli. Lakini ulikuwa mwembamba, na injini ingeung'oa siku ya kwanza. Tukakubaliana nitengeneze sakafu mpya, na nyuma niweke ubao mwingine mnene.

"Jambo moja tu, Fundi," Mwalimu akasema. "Ule ubao wa zamani wenye jina, niwekee. Nitauchukua kazi ikiisha."

"Usijali, Mwalimu," nikamjibu. "Huo ni wako."

Jina lilikuwa la mama yake marehemu, na hilo halikunishangaza. Kwetu boti hupewa jina la nyanya au la mama aliyetangulia, ili iwe na mtu wa kuitunza huko majini. Kilichonichekesha ni mwandiko. Herufi ya kwanza kubwa, inayofuata ndogo, nyingine imelala, na zile za mwisho zimebanana pembeni kwa sababu aliyeandika hakupima nafasi. Nilijiambia nitamwandikia Mwalimu jina jipya kwa rula kwenye ubao mpya, naye atanishukuru.

Kazi ilikwenda vizuri. Niling'oa sakafu yote iliyooza, nikabadilisha mbavu mbili za ndani, nikaanza kuchonga mvule mpya. Ubao wa zamani niliuegemeza kwenye ukuta wa kibanda changu, na ukakaa hapo salama kabisa hadi afisa wa afya alipokuja.

Afisa huyo aliangalia choo chetu cha shimo, kilichokuwa na kuta za mabati na gunia mlangoni, akasema kwamba bila mlango wa mbao hakuna lori litakaloruhusiwa kubeba samaki pale. Alitoa wiki moja. Kamati ya bichi ikanipa mimi kazi hiyo, nikasema ni kitu kidogo. Jumatatu nikasema kesho. Jumatano nikasema kesho. Siku ya mwisho ikafika sina ubao hata mmoja. Ningeweza kupanda baiskeli hadi soko la Kibuye, mbao za milango zilijaa tele kule. Lakini jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa mvivu, na kwa kiburi changu nisingekubali kumwambia mwenyekiti kwamba nilisahau. Nikaangalia ukutani.

Nilijidanganya kwamba ni kwa siku chache tu, afisa akishapita nitaurudisha. Ubao ulizidi kidogo, kama urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, basi nikaukata kwa msumeno. Kipande kikaanguka miguuni pangu na herufi mbili za mwisho. Lami yangu ilikuwa inapoa jikoni, na kuni zimeisha. Nikakisukuma chini ya sufuria. Mvule mkavu unawaka vizuri sana.

Upande wenye rangi niliugeuzia ndani, ili afisa aone mlango safi. Kwa hiyo kila aliyechuchumaa mle alisoma jina la mama wa watu, au kilichobaki chake. Vijana wa makasia hawakukawia kupata mzaha. Mtu akishikwa na tumbo anasema, "Ngoja nikamsalimu mama." Bichi nzima inacheka. Mimi pia nilicheka, na si mara moja.

Jumamosi moja Mwalimu akaja kuangalia boti. Ilikuwa karibu kuisha. Alipapasa sakafu mpya, akagonga ubao wa nyuma kwa kiganja, uso wake ukang'aa. Kisha akauliza choo kiko wapi. Nilimwonyesha mimi mwenyewe, kwa kidole. Hadi leo sijui kama nilikuwa nimesahau au nilijisahaulisha.

Alikaa sana. Alipotoka, alikuja moja kwa moja hadi niliposimama.

"Fundi," akasema, "ule mlango umeutoa wapi?"

Akina mama waliokuwa wakingoja samaki wakageuka. Mmoja wa wale vijana akacheka. Nami tangu utoto, ukinishika na kosa, mdomo wangu unatangulia mbele ya akili. Nikapaza sauti.

"Ubao ni ubao, Mwalimu! Kwani mama yako alikuwa mvule?"

Yawa! Hata yule kijana aliacha kucheka. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akikaanga samaki pale akaweka mwiko chini. Kwetu unaweza kumtukana mtu, ukatukana ng'ombe wake, ukatukana hata boti yake, na jioni mkala pamoja. Mama humgusi. Mama aliyekufa ndiyo kabisa. Wanasema majuto ni mjukuu. Ya kwangu yalizaliwa palepale, kabla sijafunga mdomo.

Mwalimu hakunijibu kwa tusi. Afadhali angenipiga.

"Mama yangu hakusoma," akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto darasani. "Uzeeni alienda ngumbaru, darasa la watu wazima, na wanawake wenzake, jioni wakitoka shamba. Mimi ni mwalimu, Fundi, lakini si mimi niliyemfundisha. Niliona haya kumshika mama yangu mkono kama mwanafunzi. Alipoweza kuandika jina lake, alinunua rangi, akaja hapa, akaliandika mwenyewe kwenye boti. Mwezi haukuisha akafa. Hakuna pahali pengine alipowahi kuandika kitu."

Nilichukua bisibisi nikaenda kung'oa mlango. Kulikuwa na mtu ndani. Ikabidi nisimame pale mbele ya watu wote, bisibisi mkononi, nikingoja amalize. Kisha nikaubeba ubao hadi majini, nikapiga magoti, nikausugua kwa sabuni na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Hakuna aliyekuja kunisaidia, na walifanya vizuri.

Mwalimu akaupokea, akaupangusa kwa mkono wa lile shati lake. Akafuata herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akafika mwisho.

"Na hizi mbili ziko wapi?"

Hapo ndipo ningesema. Ukweli ulikuwa mfupi, ningeumaliza kwa pumzi moja. Niliona wale akina mama wakinitazama, nikaona kazi yangu, jina langu, kila kitu.

"Zilikuwa zimeoza," nikasema. "Upande ule uliingiwa na maji. Nilikata ili uozo usipande."

Uongo. Ubao ulikuwa mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

Uso wake ukalainika. "Kumbe uliuokoa," akasema. Halafu, Mungu wangu, akaniomba msamaha. Mbele ya watu walewale. Akasema amenionea, ile hasira yangu sasa ameielewa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini mdomo wangu, ule mwepesi, ulibaki umefungwa.

Aliniomba niutie ubao ule kwenye sakafu ya mbele, nchani kabisa ambapo hakuna anayekanyaga, jina likitazama juu. Aliniomba pia nimalizie herufi mbili. Nilijaribu kuziandika kama zake, zimelala, zimebanana. Mkono ulikataa. Zilitoka zimenyooka, na mtu yeyote angeweza kuona mama alipoishia na mimi nilipoanzia.

Siku ya kuishusha boti majini, akina mama wa kanisa waliimba, mchungaji akaomba, na Mwalimu akasimama kusema machache. Alisema fundi mwingine angeuchoma ubao wote bila kujali, lakini huyu wetu alikata tu palipokuwa pabovu, akatunza kilichobaki. Wakapiga vigelegele. Mbuta wa kwanza aliyetoka kwenye boti ile aliletwa nyumbani kwangu, mkubwa, wa kubebwa na watu wawili. Tulimla siku tatu, na mke wangu alishangaa kwa nini naacha nyama kwenye sahani.

Sifa ile ilinilisha. Watu walileta boti za mama zao kutoka bichi za mbali, wakisema kwangu jina la marehemu halipotei. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewatuma. Kila nilipokutana naye nilijiambia leo nitamwambia, na kila mara alinishika mkono kwanza, akauliza habari za watoto, nami nikapata sababu ya kuahirisha. Hivyo hivyo mpaka miaka ya tisini, magugu maji yalipofunga ziwa, boti zikakaa nchi kavu, na Mwalimu akaugua kwa muda mfupi akafa.

Kwenye mazishi waliita watu wa kumzungumzia. Ndugu wa ukoo, walimu wenzake, kanisa. Kisha wakaniita mimi, rafiki wa familia, aliyemhifadhia jina la mama yake. Nikasimama karibu na jeneza. Niliomba Mungu anipe maneno, na maneno nilikuwa nayo, tangu siku ile, yote.

Nikasema tena kwamba ubao ulikuwa umeoza. Mjane wake akainuka kwenye kiti chake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.