Mgeni Aliyekwenda Kupokea Mwenyeji

Hebu fikiria umeshuka Endarasha, kule Nyeri, na begi lako, njia ya kwa Gathogo huijui. Kabla hujamuuliza mtu, unaona mzee mwenye viatu vya mpira, gambuti, anakuja mbio barabarani, kofia mkononi. Anakupokonya begi huku akiuliza habari za watu wa kwenu. Huyo ndiye. Gathogo hajawahi kumngojea mgeni mlangoni. Mkewe, Magdaline, humtania kwamba siku moja atapishana na mgeni njiani, chai ipoe bure.

Binti yao, Wachuka, alipata kazi ya kutunza wazee kule Japani, katika jiji la Osaka. Gathogo humwita "mama", maana binti huyo amebeba jina la mama mzazi wa Gathogo. Siku aliyofika, huko Osaka jua lilikuwa limeshapanda. Huku nyumbani, gizani bado, Gathogo ndiyo kwanza anakamua ng'ombe. Simu ikalia.

"Baba, nimepotezana na Bi Morita."

Bi Morita ni msimamizi wa nyumba ya wazee atakamofanya kazi Wachuka. Walikubaliana wakutane kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, Wachuka angoje mbele ya duka la maua. Sasa laini yake ya Kenya haikumfikia Bi Morita. Wachuka alikuwa akitumia intaneti ya stesheni tu, na simu ilikuwa karibu kuzima.

"Uko wapi, mama?"

"Hata sijui. Huku chini hakuna mlima wa kuangalia, baba. Ni ngazi na maduka, ngazi na maduka."

"Si ulikuwa kwa maua?"

"Nilikuwa. Lakini huyo mama ana mvi kwa picha. Niliona ni aibu anitafute nikiwa nimesimama tu kama mlingoti wa stima. Nikaenda kumpokea."

Gathogo akaacha kukamua.

"Huyo si wangu," Magdaline akasema, ameshika tochi. "Huyo ni wako mtupu!"

Mzee hakucheka. Akilini alimwona binti yake amepotea chini ya mji wa watu, na Bi Morita akichoka kungoja na kwenda zake. Akasema neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Rudi kwa maua. Uliza watu. Ukifika, simama hapo hapo. Usiende kupokea mtu."

"Na yeye ndiye mkubwa?"

"Ni mkubwa, sawa. Lakini huko mgeni ni wewe, mama. Wacha upokelewe."

Simu ikakatika.

Ng'ombe akapiga ndoo teke, hakuna aliyemgombeza. Gathogo alienda hadi langoni akarudi, akaenda tena, utadhani Osaka iko hapo nyuma ya duka la pembejeo.

"Ati unaenda kumpokea na gambuti?" Magdaline akauliza.

Ikaingia namba ngeni, ndefu.

"Baba! Niko na yeye! Amenikuta hapa kwa maua. Hii ni simu yake."

Magdaline akapiga makofi. Gathogo akakaa kwenye kigoda cha kukamulia, pumzi ikamtoka yote.

"Alikuwa wapi huyo mama?"

"Alifika mapema, akashuka mpaka kwa treni kunipokea. Ati aliona vibaya nipande ngazi na mzigo peke yangu. Tumezungukana hivyo! Na sasa amenipokonya sanduku, baba. Nimekataa, naye amekataa."

Gathogo alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. "Mwambie asante sana. Mwambie siku moja aje Endarasha, anywe maziwa."

Walisikia Wachuka akitafsiri, halafu kicheko cha mtu mzima, halafu Wachuka tena: "Anasema mwaka ujao atakuja."

"Mungu wangu," Magdaline akasema, akiokota ndoo. "Hao wawili watapishana njiani!"

Sasa niambie wewe unayemjua Gathogo: siku hiyo Bi Morita atamkuta wapi? Langoni pake, Nyeri mjini, au uwanja wa ndege na gambuti zake?