Niliuza Ngao Yenye Jina la Mama Yao

Admin, naomba ufiche jina langu, na mtakaonitambua kwa maelezo haya mnistahi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi na wazazi wangu Kanazi, Ngara, tunalima migomba na maharage. Sina mume, sina mtoto, nina mdomo mkali na nina gemu kwenye simu. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Gemu lenyewe ni la mapigano, linachezwa na watu wa nchi nyingi. Mnajiunga chama, na kila chama kina duka lake humo ndani. Ukipata upanga au ngao unaipeleka dukani, na mchezaji yeyote popote alipo anaweza kuitafuta kwa jina, akaiona na kuinunua. Chama chetu kilikuwa na watu wa Ngara, wa Biharamulo na Warundi waliokuwa kambi ya wakimbizi. Muuza duka nilikuwa mimi, kwa sababu sidanganyiki kirahisi. Nilikuwa najivunia sana sifa hiyo.

Aliyenifundisha gemu hili ni kijana wa Kirundi wa miaka ishirini na minne, nimwite Fabiani. Alivuka mpaka kipindi kile watu wanakimbia, akawa anafanya kibarua shambani kwetu. Alikuwa na ngao moja dukani, ya daraja la chini kabisa, haizuii hata fimbo, lakini aliipangia bei ya wendawazimu. Kwenye gemu hili mwenye kitu anaweza kukiandika jina atakalo, naye aliandika jina la mwanamke na la kilima cha kwao. Nilikuwa namtania, "Huyu mchumba wako ana bei kuliko shamba la baba." Anacheka tu. Bidhaa ikikaa wiki bila kununuliwa inajiondoa yenyewe, na yeye kila wiki anairudisha.

Alipojiandikisha kurudi Burundi aliuza simu yake, ile ngao akanikabidhi mimi. Akaniambia, "Dada, ndagusavye, nakuomba, usiiuze. Ionekane tu." Nilimuuliza ya nini, akasema ataniambia siku moja. Nikamwapia.

Jamani, nilitimiza kiapo kwa miezi mitatu. Duka lina nafasi ishirini tu, na wenzangu wakaanza kulalamika kwamba nafasi moja imeliwa na takataka. Siku moja nikachoka kelele zao, nikaishusha bei. Na niwe mkweli, muuzaji ana mgao wake wa pesa na bando langu lilikuwa linaishia.

Siku ileile ukaja ujumbe wa mchezaji nisiyemjua, kwa Kirundi: "Iryo zina ni irya mama. Uri nde?" Sisi Wahangaza tunakielewa vizuri. Alikuwa anasema hilo jina ni la mama yake, na anauliza mimi ni nani. Sasa, kabla ya hapo kuna tapeli alitulilia mtoto anaumwa, akaondoka na panga zetu tatu bure. Nikajua ni walewale. Nikamjibu, "Kama ni la mama yako, lipia."

Akalipa. Hakuomba apunguziwe hata kidogo. Halafu akaandika tena, "Uri nde? Ndagusavye." Nikamfungia asiweze kuniandikia tena, nikaenda kupalilia maharage.

Fabiani alikuwa akinipigia kwa simu ya baba yake mdogo, na kila mara anauliza, "Ngao bado iko?" Nilijibu iko. Niliona aibu, nikasema moyoni nitamtafutia nyingine ya kufanana nayo. Wiki iliyopita akapiga na sauti imekauka. Akanieleza kwamba alipokimbia alipotezana na dada yake, nimwite Klodina. Mama yao alishafariki zamani. Walipokuwa wadogo walicheza gemu hili pamoja, na kila mmoja aliandika jina la mama kwenye ngao yake. Simu zao zilipotea njiani, na majina yao ya kuchezea yakapotea nazo. Aliwahi kumwandikisha dada yake kwa wanaotafuta ndugu waliopotezana, hakupata jibu. Ngao haikuwa ya kuuzwa. Lilikuwa tangazo la kumtafuta Klodina.

Ndugu zangu, nilikaa chini palepale kwenye matuta.

Akaendelea kusema wazee wa ukoo wameamua Jumamosi hii wafanye kuganduka, yaani kumaliza msiba wa Klodina, maana miaka imepita bila habari. Akasema, "Dada, ile ngao iondoe sasa. Nimechoka kusubiri." Nikamjibu sawa.

Nimemfungulia yule mchezaji, nimemwandikia kila siku kwa Kirundi na kwa Kiswahili, hajibu na haonekani kuingia. Nimetengeneza ngao nyingine yenye jina lilelile nikaiweka dukani. Hakuna aliyeigusa. Nimemwambia mama yangu peke yake. Aliacha kumenya ndizi akaniuliza, "Kwa hiyo mtoto wa watu pengine yuko hai, wanamzika, na wewe unajua?"

Nikimwambia Fabiani, sina cha kumwonyesha ila maneno mawili matatu kwenye simu, na ndugu zake wataniona mwongo. Yeye namjua, ataacha kila kitu avuke tena mpaka kumtafuta mtu ambaye hata mimi sijui yuko nchi gani. Na itabidi nimwambie dada yake alibisha hodi mara mbili, na mimi ndiye niliyemfukuza. Nikinyamaza, keshokutwa watakunywa pombe ya kumuaga, na yeye ataanza kuishi kama mtu asiye na dada.

Simu ninayo mkononi, nimeshaandika "Fabiani" nikafuta mara sijui ngapi. Nishaurini leo, msisubiri kesho. Neno la kwanza nimwambie lipi?