Siku Tuliyoenda Kuposa Mto

Kuna asubuhi moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, hata leo ninapokukabidhi ofisi hii ya chifu. Nilikuwa kijana, naibu wa chifu, nimevaa yunifomu mpya iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Nilikuwa nje ya ofisi ya D.O., mkuu wetu wa tarafa, nikingoja kupewa askari wa kwenda kung'oa mabomba ya watu. Wewe unanijua nikiwa mzee wa kunywa chai polepole. Wakati huo nilikuwa moto.

Nikueleze shida ilikuwa nini, maana wewe ulizaliwa ukakuta mfereji jikoni. Mto wetu unatoka msituni, unapita kwenye mashamba ya juu, kisha unateremka hadi huku kwetu upande wa Ruiri. Mwaka ule watu wa juu waliingiza mabomba mtoni kila mahali. Wakamwagilia viazi, wakamwagilia vitunguu, na isitoshe wakapanda mikaratusi hadi ukingoni, na unajua mkaratusi unavyokunywa. Huku chini mto ukawa mchanga mtupu. Akina mama waliuchimba kwa vibakuli ili wapate maji ya uji, na ng'ombe wakaanza kufa. Vijana wakanoa panga. Walisema waziwazi sokoni kwamba wakipanda huko juu hawatakata mabomba peke yake.

Na mimi, mwanangu, nilizaliwa huko juu. Basi watu wa chini walikuwa wakinitazama kwa pembe ya jicho, eti huyu kwao maji yapo, atatutetea namna gani? Iliniuma sana. Ndiyo maana nilitaka askari, tena wengi, ili waone.

D.O. wetu aliitwa Bwana Nyaga, mtu wa Mbeere, kule Embu kwenye jua kali. Mfupi, mnene, sauti ya upole na macho yasiyokuachia. Aliniacha nikaeleza hadi nikamaliza, kisha akaniuliza, "Kwenu Meru, mtu akitaka msichana wa watu, anaenda na nini?"

Nikadhani hakunisikia. "Anaenda na miraa, Bwana D.O. Wazee wanaibeba, imefungwa vizuri."

"Haendi na pingu?"

"Hapana, Bwana."

"Na wewe unataka kupelekea hawa watu pingu, halafu kesho uwaombe maji?" Akavua miwani. "Kijana, mimi nimelelewa nyuma ya punda ya maji. Kiu ninaijua. Uking'oa hiyo mabomba kwa nguvu, maji itafika Ruiri leo. Wiki ijayo watarudisha tena, na mtu atakufa hapo kwa bomba. Enda na wazee muombe. Ukishindwa, askari nitakupa."

Nilitoka pale nimenuna. Moyoni nilisema huyu mzee anaogopa. Lakini mkubwa wako akishasema, unafunga mdomo na unaenda, na hata leo namshukuru Mungu kwamba nilikuwa na adabu kuliko akili.

Mzee M'Ikiara, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa huku chini, alicheka hadi akakohoa nilipomweleza. Kisha akakuna ndevu zake. "Kama ni kuomba, basi tuombe sawasawa," akasema. "Sitabeba ile miraa rahisi wanayotafuna madereva wa Makutano." Akamtuma mwanawe hadi Laare alete miraa yenyewe ya heshima, ya miti mikongwe, iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Yeye mwenyewe akawaendea vijana, akawaambia wangoje wazee warudi. Wakakubali kungoja, ila panga hawakuziweka chini.

Tukapanda hadi kwa Mzee Kirimi. Yeye ndiye alikuwa na bomba kubwa kuliko wote, na huko juu akifanya jambo, wengine wanafuata. Alitupokea vizuri, chai ikaja, viazi vikaja. Tulipokwisha kula, M'Ikiara akaweka lile bunda la miraa mezani. Wewe ni Mmeru, unajua maana yake. Baba wa msichana akilifungua na kutafuna, amekubali. Asipoligusa, mnavaa makoti yenu mnaenda.

Kirimi aliliangalia. "Wasichana wangu wote wameolewa," akasema. "Mnaomba nani?"

"Tunaomba mto," M'Ikiara akamjibu.

Hakuna aliyecheka. Kirimi akanigeukia mimi. "Na wewe, mtoto wa hapa, umekuja upande gani?"

Niliwaza wale vijana waliokuwa wakitungoja na panga, nikawaza pia kwamba baba yangu anaishi hatua chache kutoka pale. "Nimekuja na wanaoomba, Baba," nikamwambia.

Bunda lilikaa pale mezani, na mimi nilikuwa nikitoka jasho ndani ya yunifomu yangu nzuri. Mwishowe mke wake, Mama Kanana, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, akasema, "Si uifungue, Baba Kanana. Hawa wazee wametoka mbali."

Kirimi akaifungua. Akachagua kijiti kimoja, akatafuna bila haraka, kisha akasema, "Haya. Sasa tuongee mahari."

Nilishtuka, lakini M'Ikiara alikuwa ameshajiweka sawa kitini kama mtu anayejua kazi imeanza. Kirimi akataja mahari yake. Mikaratusi ya ukingoni wataikata wao wa juu. Lakini kila Oktoba mvua ikishika, watu wa chini wapande juu na miche ya kienyeji, miringa na mianzi, wapande pamoja na wenyeji kando ya mto. Maji yatumike juu mchana, na usiku yaachwe yateremke.

"Tutaleta miche hadi lini?" M'Ikiara akauliza.

"Kwani wewe mahari ya mke wako ulimaliza?"

Hapo ndipo nyumba nzima ilicheka, mwanangu, na mimi nikacheka na machozi yakinitoka. Kirimi akatoka nasi hadi mtoni, akaifunga koki ya bomba lake kwa mkono wake mwenyewe. Maji yalipofika huku chini, wale vijana walikuwa wangali na panga zao. Wakazitumia kufyeka vichaka vilivyokuwa vimeziba mkondo.

Nimefanya kazi nyingine nyingi tangu hapo, lakini kila ugomvi wa maji nilioletewa, nimeutatua kwa yale niliyofundishwa siku ile. Kila Oktoba tumepanda juu na miche. Kuna miaka ilikauka, kuna miaka tulichapwa na mvua kama kuku, lakini tulienda. Kuna hata watoto hapa Ruiri ambao wazazi wao walijuana kwenye upandaji huo. Sitataja majina, mama yako ataniita mzee mpenda udaku.

Bwana Nyaga alipostaafu nilimfuata hadi kwao Mbeere nikamwambia asante mbele ya wajukuu wake. Alisema hakumbuki vizuri. Mimi nakumbuka. Ningepewa askari siku ile, leo ningekuwa nikistaafu na damu ya mtu begani. Badala yake nastaafu nikisalimiwa juu na chini, na watu wananiitia chai hadi daktari ananigombeza. Nina nini cha kulalamika?

Sasa sikiliza ushauri wangu, kwa sababu kesho kiti ni chako. Sheria unayo, nayo ni nzuri, lakini isiwe ndiyo inayobisha hodi kwanza. Ukienda kwa watu wa juu, nenda na wanaoomba, tena ukae upande wao mbele ya macho ya ndugu zako. Na siku moja atakuja mtu mwenye elimu akuambie miti imetosha, safari za Oktoba ni za bure, hawa watu wameshajuana. Mkatalie kwa heshima. Watu wa chini wakiacha kupanda juu na miche, watu wa juu watausahau uso wao, na anayesahau uso wa mwenzake hufungua koki bila kufikiri. Mahari hiyo usikubali iitwe imekwisha wakati wako.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wakubwa wa kukukatalia ukiwa na haraka, na mvua inayokuja kwa wakati wake. Na siku yako ya kustaafu ikifika, ukabidhi mto wenye maji.