Oliva na Punda wa Angani

Watu wa Dongobesh wakitaka sare za shule ambazo hazitachanika makwapani kabla ya Pasaka, huenda kwa Oliva Tluway. Ana miaka arobaini na mitatu, ana cherehani mbili, na ana mume anayeitwa Herman, mkulima wa vitunguu saumu ambaye husema maneno machache kwa siku na kuona yanatosha. Sebuleni kwao, karibu na picha ya Bikira Maria, kuna rafu ya mbao aliyoitengeneza Herman mwenyewe. Juu ya rafu hiyo Oliva amepanga meli zake.

Padri alipokwenda kuibariki nyumba, alisimama mbele ya rafu na maji ya baraka mkononi.

"Mama Oliva, hivi ni nini?"

"Ni meli, Padri."

"Meli? Huku milimani?"

"Hizi hazipiti majini. Zinapita juu."

Padri alitazama juu kidogo, akatazama meli, akazinyunyizia maji pamoja na makochi.

Ni meli za angani, kila moja inaenea kwenye kiganja. Zimetengenezwa kwa chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, si plastiki, na ukiishika moja utashangaa uzito wake. Zinatokana na filamu moja ndefu ya mfululizo ambayo watu wa Dongobesh waliiita Msafara tu. Oliva aliiona akiwa binti, kabla hajajua hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Alikuwa anauza chai na maandazi mlangoni mwa banda la video, na kwa kuwa birika lilikuwa lake na wateja walikuwa ndani, aliingia bila kulipa kiingilio. Filamu ilikuwa imetiwa Kiswahili na mtafsiri mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye aliwapa wahusika majina anayoyataka yeye. Ilihusu meli tisa za mizigo zinazopeleka maji kwenye nchi kavu za angani. Meli kubwa ya maji mtafsiri aliiita Kibuyu. Iliyokuwa inatangulia akaiita Kirongozi. Na ile ya mwisho, yenye sura mbaya, isiyo na silaha, ambayo kazi yake ilikuwa kuvuta meli zilizoharibika njiani, akaiita Punda. Nahodha wa Punda alikuwa mwanamke, Kapteni Zuhura. Wenzake walipokuwa wanapiga kelele na kukimbia huku na huku, Zuhura alikuwa anafunga mnyororo polepole na kusema, "Twende." Oliva alimpenda kuliko wote.

Banda la video lilifungwa, Oliva akajifunza ushonaji, akaolewa. Miaka ikapita. Siku moja, mwaka 2016, alikuwa Katesh mnadani na mzigo wake wa sare, akapita kwa Patriki, muuza mitumba. Patriki alikuwa amefungua belo la midoli ya watoto, na katikati ya wanasesere wasio na vichwa Oliva akaona kitu cha chuma chenye tumbo la duara. Alikiokota, akakigeuza. Chini kilikuwa na namba 2 na maandishi ya kigeni. Alikuwa ameshika Kibuyu.

"Dada Oliva, mbona umekaa chini?" Patriki aliuliza.

"Niache kidogo," alisema Oliva.

Kuanzia hapo Patriki akawa anamwekea. Kila belo la midoli lilipofunguliwa, alichokoa hadi chini, akatenga chochote cha chuma. Oliva naye alimkunjia suruali na kumgeuzia kola za mashati bila kumdai. Hata baada ya tope lililoporomoka mlima Hanang mwaka 2023 na kufagia kibanda alichokuwa nacho kijijini Jorodom, Patriki alipoanza upya na turubai moja mnadani, bado alichokoa. Kwa miaka minane Oliva alipata meli nane. Alijua kwa kuangalia kwenye simu kwamba seti ni tisa. Iliyobaki ilikuwa namba sita, Punda.

Halafu, mwezi wa nne mwaka 2024, Oliva alifika mnadani akamkuta Patriki hamwangalii usoni.

"Dada, usinikasirikie."

"Umefanya nini?"

"Punda alikuja."

"Yuko wapi?"

"Nimempa mtu." Patriki alijishika kichwa. "Ilikuwa imepakwa rangi ya bluu na mtoto fulani huko ilikotoka, sikuitambua. Mzee mmoja mfugaji, Mbarabaig, alinunua koti, akaiokota, akaniuliza, 'Huyu ni mnyama gani?' Nikacheka, nikamwambia mchukue, ni nyongeza ya koti. Ameshaondoka ndiyo nakumbuka zile ndoano za nyuma, za kuvutia."

Oliva hakumfokea. Aliuliza tu koti lilikuwa la rangi gani.

Lilikuwa la kijivu, refu, lenye vifungo vya shaba, na kwenye mnada uliofuata alilitambua kutoka mbali. Mwenye koti alikuwa amekaa sehemu ya nyama choma, fimbo imelala mapajani, anasubiri mbavu zake. Oliva alimwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Tluway, wa Dongobesh."

"Mwiraqw," alisema mzee, akitaja kabila lake si kwa ubaya, kama mtu anayetaja rangi ya ng'ombe. "Mimi ni Gidahosh. Nakaa Balangdalalu."

Oliva alieleza shida yake. Mzee Gidahosh aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitambaa, akakifungua. Punda alikuwa humo, wa bluu, na ndoano zake mbili nyuma. Oliva alihisi mikono yake inataka kwenda yenyewe, akaishika pamoja.

"Naomba uniuzie, mzee."

"Una ngapi kwako?"

"Nane."

"Nane unazo," mzee alisema, "na mimi ninayo moja, na hiyo moja unaitaka." Akaanza kukifunga kitambaa. Kisha akasita. "Lakini unajua ni nini?"

"Najua."

"Basi niambie. Nimeuliza watu wengi, wananiambia mdoli tu. Mdoli gani una uzito hivi?"

Oliva akamwambia. Alidhani ni maneno matano, lakini mzee alikuwa na maswali. Hizo nchi kavu zilikauka kwa sababu gani? Meli zinakula nini? Huyo mwanamke, mume wake anakubali asafiri hivyo? Aliposikia inaitwa Punda alikataa kabisa. "Huyu si punda. Punda anabeba. Huyu anavuta. Huyu ni maksai." Nyama ilikuja, akamkatia Oliva kipande kwa kisu chake bila kukatiza maswali. Jua lilipoanza kushuka, Oliva akasema lazima awahi gari.

"Hadithi imeisha?"

"Hata robo bado, mzee."

"Mnada ujao utaniambia."

Ikawa hivyo. Kila mnada Oliva alimaliza kuuza sare zake, akaenda kwenye nyama choma, akaanza alipoishia. Mara ya kwanza alijiambia kwamba anafanya hivyo ili mzee alainike amuuzie. Kufikia mwezi wa saba alikuwa anajiandaa njiani, anakumbuka vipande alivyovisahau, anapanga nini kije kwanza. Nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza habari za Msafara. Herman alitengeneza rafu kwa upendo, lakini alikuwa hajawahi kuuliza nani anaendesha. Huyu mzee aliuliza. Alimchukia nahodha wa Kibuyu na kumwita mwizi wa maji sura tatu kabla hadithi yenyewe haijamfichua. Wazee wengine walisogeza viti vyao. Mmoja alidai kwamba Kirongozi inapita njia isiyo na malisho, na walibishana juu ya jambo hilo mpaka nyama ikapoa.

Mwezi wa kumi na moja Oliva alifika mwisho. Katika sura ya mwisho, meli moja inaharibika na kubaki nyuma kabisa, na wengine wanataka kuiacha. Kapteni Zuhura anafunga mnyororo wake, anasema "Twende," anageuza Punda na kurudi peke yake. Maji yanafika, watu wanakunywa, wanacheza ngoma. Punda haonekani tena.

"Haonekani vipi?" aliuliza Mzee Gidahosh.

"Filamu inaishia hapo."

"Nani alikwenda kumtafuta?"

"Hakuna, mzee."

Mzee aliweka kisu chini. "Yeye aliwarudia wote. Kila aliyeanguka alimrudia. Halafu yeye anapotea, wenzake wanakunywa maji na kucheza?"

"Mimi pia nililia, mzee."

"Kulia!" Mzee Gidahosh alisimama, akachukua fimbo yake. "Ng'ombe akipotea hukai chini ukalia. Unakwenda." Akaondoka, akiacha mbavu zimelala kwenye sinia.

Mnada uliofuata hakuja. Oliva alikaa na sahani yake akiangalia kila koti la kijivu. Mnada wa pili hakuja pia. Wazee wenzake walisema wamesikia yupo tu, hajambo. Oliva alirudi nyumbani akiwa mkimya kuliko mume wake, mpaka Herman akaliona hilo.

"Ni ile meli?" Herman aliuliza.

"Si meli. Ni mzee. Nimemkosea."

Herman alimenya kitunguu saumu, akafikiri. "Basi nenda kwake."

"Balangdalalu?"

"Si kuna njia?"

Jumatatu Oliva alipanda gari la alfajiri, akafika Katesh, akachukua bodaboda. Kwenye mkoba aliweka kilo mbili za sukari, majani ya chai, na meli zake zote nane, kila moja imefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Hakujua hasa kwa nini alizibeba. Alidhani labda mzee atapenda kuziona.

Boma la Mzee Gidahosh lilikuwa kwenye tambarare, mlima ukiwa nyuma yake. Mkwe wake, Violeth, alimpokea na kumwambia mzee yuko zizini anamtazama mtamba mwenye kidonda. Oliva alikwenda akasimama nje ya miiba ya zizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukusalimia. Na nimewaleta wengine."

Mzee aligeuka. Oliva alitandika khanga chini, akazifungua moja moja: Kibuyu, Kirongozi, na wengine, wakajipanga kwenye vumbi. Mzee Gidahosh alichuchumaa taratibu, mkono kwenye goti. Alimtambua Kibuyu kabla hajaambiwa, akamsonya. Kisha akatoa kitambaa ndani ya koti na kumweka Punda mwisho wa mstari, mahali pake. Kwa mara ya kwanza Oliva aliona msafara wake mzima. Macho yalimjaa machozi, akainama kama anayetoa jani kwenye khanga.

"Wako wanane," mzee alisema, "na hakuna aliyekwenda kumtafuta."

"Mimi nimekuja," alisema Oliva.

Mzee alimtazama. Halafu akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi, mpaka Violeth akatoka nyumbani kuangalia kuna nini.

"Ni kweli," alisema. "Umekuja, na bodaboda."

Walikunywa chai. Baadaye mzee akasema neno lake. Kuuza hauzi. Lakini kwao mtu akiwa na rafiki anayemwamini, humwekea ng'ombe. Ng'ombe anakaa kwa rafiki, anakula kwa rafiki, lakini kila mtu anajua ni wa nani, na kwa sababu hiyo nyumba hizo mbili haziachi kutembeleana. "Punda nakuwekea. Akakae na wenzake. Na wewe uniwekee mmoja."

"Yupi, mzee?"

"Hilo unalijua wewe."

Oliva alizitazama zote. Kulikuwa na moja ya kijani iliyovunjika bawa, ambayo isingemuuma kuiacha. Mkono wake uliigusa, ukapita. Alimchukua Kibuyu, yule wa kwanza, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Mwizi huyu!" alisema Mzee Gidahosh, lakini alimpokea kwa mikono miwili pia, akamfunga kwenye kitambaa. "Nitamchunga vizuri. Kwangu haibi."

Jioni Oliva alipanga rafu upya. Herman alikuja kusimama nyuma yake, akahesabu kwa kidole. "Mbona bado ni nane?"

"Mmoja amelala kwa watu," alisema Oliva. Akamweleza yote, tangu mwanzo, tangu banda la video. Herman alisikiliza mpaka mwisho na kuuliza swali moja, ambalo ni kwa nini hawakumfungia Punda matela mawili. Oliva alilijibu kwa muda mrefu.

Sasa kuna sehemu ya pili ya Msafara. Patriki alimwekea Oliva kwenye memori kadi ya simu, lakini hii haina mtafsiri, ni Kiingereza kitupu, na Kiingereza cha Oliva kiliishia darasa la saba. Siku ya mnada wanaegemeza simu kwenye bakuli la chumvi, yeye na Mzee Gidahosh na yeyote anayepita. Picha zinakwenda, watu wa angani wanafungua midomo.

"Huyo kijana anasema nini?" mzee huuliza.

"Nadhani anaomba radhi."

"Haombi radhi huyo. Mtazame shingo. Anadai mahari."

"Mzee, pale ni vitani."

"Hata vitani watu wanadaiana mahari," husema Mzee Gidahosh, na kumsogezea Oliva sinia la nyama.