Barua za Kuwaachia Wachezaji

Ursula alikuwa katibu wa timu ya ligi kuu pale Kibaha kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kuchoka kama msimu ule mwenye timu alipowekewa vikwazo. Tajiri huyo alikuwa mgeni mwenye kiwanda cha nondo Zegereni. Mataifa ya nje yalimwingiza kwenye orodha yao kwa biashara zake za silaha huko kwao, na haikupita wiki benki ikazifunga akaunti za timu. Hata kuiuza timu kukashindikana. Nani angethubutu kumlipa mtu wa orodha ile?

Mishahara ikakatika miezi miwili mfululizo. Kisha klabu moja ya Zambia, iliyokwisha kubali kumnunua mshambuliaji Halidi, ikajitoa kwa hofu hiyo hiyo.

Ursula akaenda mwenyewe Chole, Kisarawe, kumweleza mama yake Halidi. Bi Mwanamkuu alikuwa anamenya mihogo, wala hakuacha.

"Tajiri wenu kakosa, sawa. Mwanangu kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, mama."

"Basi mwachieni."

Kumwachia kulihitaji sahihi ya tajiri, na tajiri hapokei simu. Lakini Ursula alizijua kanuni. Mchezaji asiyelipwa miezi miwili huidai klabu kwa barua. Siku kumi na tano zikipita bila malipo, yuko huru.

Kesho yake akamwita Halidi ofisini, akaichapa barua hiyo mwenyewe, akamsainisha. Kisha akaipokea kwa niaba ya klabu na kuigonga muhuri.

"Si watakufukuza, dada?"

"Nani wa kunifukuza, Halidi? Nenda."

Siku kumi na tano zikapita, Zambia wakamchukua bure. Mwenyekiti, mzee Sospeter, aliisoma barua mara mbili.

"Hii umeandika wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Umetupotezea mchezaji pekee mwenye thamani."

"Thamani ambayo tusingeigusa, mzee."

Sospeter akavua miwani, akafikicha macho.

Habari zikaenea kambini. Wachezaji wengine tisa wakaja, mmoja mmoja, kila mtu na aibu yake, na Ursula akawaandikia wote. Timu ikakosa watu wa kupanga, ikashuka daraja. Jumamosi iliyofuata Ursula alimkabidhi mzee funguo za ofisi, akarudi kwake Tangini. Jumapili kengele ya misa ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Alizisikia zote, akajigeuza upande wa ukutani, akaendelea kulala.