Ufunguo Mmoja, Mashine Mbili

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtu wa kompyuta wa zahanati sita ndogo za mkoa wa Simiyu. Seva yetu ilikaa Bariadi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, ukuta mmoja na maabara. Nilipewa kazi ile kwa sababu ya jambo lililotokea kabla sijafika.

Zamani majibu ya maabara yalipita kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu. Siku moja majibu ya virusi ya mama mmoja, mkulima wa pamba, yalitumwa kwa makosa kwenye kundi la kwaya. Kabla ya Jumapili mumewe alikuwa ameshaambiwa na watu watatu. Mama yule alirudishwa kwao na sufuria mbili, watoto wakabaki. Ofisi inayosimamia zahanati hizo ikatafuta mtu wa kuhakikisha jambo hilo halijirudii, wakanipata mimi.

Nilitumia programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kusoma zilivyoandikwa na kuzitumia bila kuomba kibali. Kazi yake ilikuwa kutoboa njia ya faragha ndani ya intaneti ya kawaida. Aliye pembeni ataona kuna kitu kinapita, hatajua ni nini. Kila mashine ilikuwa na ufunguo wake, yaani faili fupi la herufi zisizosomeka, na seva iliitambua mashine kwa ufunguo huo tu. Haikujua jina la muuguzi wala zahanati iko wapi.

Niliandika kanuni mbili kwa kalamu nyekundu nikazibandika ukutani kila zahanati. Ya kwanza: ufunguo mmoja, mashine moja. Ya pili: majibu ya mgonjwa hayasemwi kwa simu wala hayatumwi kwa ujumbe, yanasomwa ndani ya mfumo tu. Niliandika amri, sikuandika sababu. Niliona wauguzi wana kazi nyingi, hawahitaji somo la mitandao.

Mwaka ule, pamba ilipokwisha kuvunwa na mabua yakaanza kuchomwa, baba yangu mdogo alifariki Binza, Maswa. Nilikaa msibani siku tano, simu nimezima. Siku hizohizo, kwenye zahanati yetu ya upande wa Kalemela, kompyuta ilimwagikiwa ndoo ya maji ya kupigia deki ikafa. Ofisi ilipeleka nyingine haraka, lakini ilikuwa tupu, haina ufunguo. Wa kutengeneza ufunguo nilikuwa mimi.

Niliporudi kazini nilikuta malalamiko. Malampaka wanasema mfumo unafunguka na kukatika. Kalemela wanasema hivyohivyo. Hao wengine wanne hawakuwa na tatizo. Nikailaumu kampuni ya simu. Nikawaambia wauguzi wasogeze modemu dirishani, wazime, wawashe. Muuguzi wa Malampaka, mama wa makamo aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu, aliniambia modemu yake sasa imekaa dirishani kama kuku anayetamia na bado haijatotoa kitu.

Seva ilikuwa na orodha inayoonyesha kila mashine iliwasiliana nayo lini mara ya mwisho. Niliiangalia kila asubuhi. Mashine ya Kalemela ilionyesha haijawasiliana tangu siku ile ya ndoo. Lakini muuguzi wa Kalemela alikuwa ananiambia anaingia, ila anakatika. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Niliyaona, nikayaandika kwenye daftari langu, nikageuza ukurasa. Najisifu kwa kuona vitu, na hilo niliona, na sikuuliza.

Jumanne moja sanduku la sampuli lilifika Bariadi kwa pikipiki kutoka Kalemela. Ndani mlikuwa na makohozi ya mfugaji mmoja, baba wa watoto wanne. Alikuwa amekohoa miezi miwili na amekonda. Alikuwa amemwambia muuguzi kwamba nyasi zinaisha, ndugu zake wanajiandaa kuhamisha ng'ombe kuelekea Meatu na mbele ya hapo, na kwamba atasubiri majibu, lakini ng'ombe hawatasubiri.

Jumatano asubuhi mtaalamu wa maabara aliingia chumbani kwangu akifuta mikono. Aliniita Madam wa Funguo, utani wake wa kila siku.

"Madam wa Funguo, leo nimeingiza kibaya," alisema. "Kifua kikuu sugu. Dawa za kawaida hazimtoi huyo."

Hakunitajia mgonjwa wala zahanati, na sikumuuliza. Alikuwa amefuata kanuni yangu sawasawa. Majibu yalikuwa ndani ya mfumo, kazi yake ilikuwa imekwisha.

Ijumaa yule mfugaji alitembea kutoka kwake hadi zahanati. Muuguzi alijaribu kufungua ukurasa wake. Ulikuja nusu ukaganda. Akamwambia mtandao hakuna, arudi Jumatatu. Jumatatu alirudi. Alikaa kwenye benchi mpaka saa saba, ukurasa ukaja nusu tena. Muuguzi alitaka kupiga simu maabara. Aliniambia baadaye alishika simu kabisa, akaangalia karatasi yangu ukutani, akairudisha mfukoni. Alimwambia mgonjwa aje Alhamisi. Mgonjwa alimjibu, "Wabeja," yaani asante, akaondoka.

Alhamisi ile nilichoka na malalamiko nikapanda basi hadi Malampaka. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Nilikaa karibu na yule mama muuguzi, nikamwacha afanye kazi kama kawaida. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimefungua orodha ya seva. Mstari wa Malampaka ulikuwa unarukaruka: sekunde kadhaa unaonyesha mashine iliyo mbele yangu, sekunde kadhaa unaonyesha mashine nyingine, mahali pengine, yenye ufunguo uleule.

"Mama, kuna mtu mwingine ana ufunguo huu?"

"Yupo. Mwanangu wa Kalemela," alisema bila kugeuka. "Nilimtumia lile faili. Mashine yake ilikufa, mpya ikaja haina kitu, na mimi ninacho. Nimnyime mtoto niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa msibani. Mtu aliyefiwa hapigiwi simu ya kazi." Sasa aligeuka. "Na uliporudi ulikuwa mkali kama umeumwa na nyuki. Nani angekusogelea kukuambia tumevunja karatasi yako nyekundu?"

Kwetu jirani akikosa kinu anapewa kinu, na kinu hakiharibiki kwa kutwangia nyumba mbili. Ufunguo ule hauko hivyo. Seva hupeleka majibu pale ilipomsikia mwenye ufunguo mara ya mwisho. Malampaka ikiita, majibu yanakwenda Malampaka. Kabla hayajaisha Kalemela inaita, yanageuziwa Kalemela. Hakuna anayepata ukurasa mzima. Sentensi moja ya maelezo ingetosha, na ningeweza kuiandika chini ya ile amri.

Nilimpigia muuguzi wa Kalemela nikamwomba azime mashine. Palepale Malampaka ikatulia. Nikatengeneza ufunguo mpya wa Kalemela nikiwa nimekaa pale pale, nikamwongoza kuuweka. Haikuchukua hata nusu saa. Nilimsikia akibonyeza, kisha akasema ukurasa umefunguka wote. Halafu kubonyeza kukakoma, nikadhani mtandao umekatika tena.

"Upo?" nilimuuliza.

"Nipo." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Dada, huyu mwenye kifua aliondoka juzi na ng'ombe."

Hapo nikajua ndiye mwenye majibu yale mabaya ya Jumatano.

Simu ya mfugaji haikupatikana. Muuguzi alikwenda nyumbani kwake, akatoa taarifa wilayani, wakatuma ujumbe kwa wachungaji waliokuwa wakipita njia ile. Ndugu zake walipata habari baada ya wiki nyingi, naye alikuwa hawezi tena kusimama. Alifia kambini kwao huko malishoni, wakamzika hukohuko.

Muuguzi aliniomba tuende wote kwa mjane. Nilikubali. Tulifika asubuhi, tukasalimiana, "Mwangaluka," tukapewa vigoda kivulini mwa nyumba. Mjane alikuwa mwembamba, mkononi ameshika kamba ya ndama. Shemeji yake alisimama nyuma yake. Muuguzi alieleza ugonjwa ulivyokuwa, na kwamba mjane na watoto wote wanne lazima wapimwe makohozi, leo hii, kwa sababu walilala chumba kimoja na marehemu.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza, "Majibu yake yalitoka lini?"

Muuguzi alinigeukia mimi. Ilikuwa zamu yangu.

"Jumatano," nilisema.

"Yeye alikwenda Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na Jumatatu."

"Ndiyo, mama. Yalikuwepo. Hayakuweza kufunguka, na kosa la kutofunguka lilikuwa langu."

Shemeji aliuliza ni kosa gani hilo la kuzuia karatasi kusomwa. Nilianza kumweleza habari za ufunguo na mashine mbili, nikasikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa maneno matupu katika ua ule, nikaacha katikati. Mjane hakungoja nimalize. Alifunga kamba ya ndama kwenye mti, akachukua kikopo cha kwanza kutoka mikononi mwa muuguzi, akamwita mtoto wake mkubwa, msichana wa kama miaka kumi, akamwambia kwa Kisukuma akohoe kwa nguvu, kutoka chini kabisa.

Mtoto alikohoa. Hakuhitaji kujilazimisha.